Baba wa Ubatizo wa Bonde Zima

Rito Hondo, 11 Januari 1925

Kaka yangu mpendwa Sostenes,

Belino amepanda juu ya kasha la kuni sasa hivi, akajifunga shali yangu shingoni kama tai, akapiga ngumi ukutani na kusema, "Watu wangu! Watu wangu wa Rito Hondo!" Kisha akateleza akaangukia ndani ya pipa la unga. Nimemtoa mweupe kama mzuka, hata nyusi hazionekani, na badala ya kulia ananiuliza, "Mama, wamenipigia kura?" Mtoto wa miaka mitatu! Hotuba hiyo uliitoa wewe wakati wa kampeni, yeye akiwa mabegani mwa baba yake, nami siku ile nilidhani amelala.

Shikamoo kaka. Najua salamu ndiyo hutangulia, lakini nimecheka mpaka nimesahau adabu. Wifi Leonor hajambo? Kifua chake kimepona? Sisi huku wazima. Mama mkwe magoti yanamsumbua kwa baridi, ila mdomo haujaganda hata siku moja. Nguruwe tulimchinja wiki ya Noeli, tukala mahindi ya kuchemsha na nyama yake na pilipili nyekundu, nikakukumbuka, maana wewe ulikuwa unapigania ngozi ile ngumu ya juu.

Kichanga chetu ananona. Bado tunamwita Kadogo tu, kwa kuwa jina utalitamka wewe mbele ya padre. Mama mkwe ananung'unika kila siku. "Mtoto asiye na maji ya ubatizo ni nyumba isiyo na komeo. Shetani anapita tu na kusukuma mlango." Namwambia, mama, nilimwahidi kaka kabla hata tumbo halijaonekana, na ahadi ya ubatizo ikishatoka mdomoni hairudishwi, ukiirudisha unamwitia mtoto maradhi. Hapo anarudia rozari yake, maana imani hiyo ni yake kuliko yangu.

Sasa neno lenyewe. Baba Belino alipanda mlimani kutafuta kuni akakuta wageni na mnyororo wa kupimia na vibendera vyekundu wamevichomeka kwenye theluji. Akawauliza, "Mnapima nini?" Wakasema, "Mlima." "Mlima wa nani?" Wakatazamana wakacheka. Kaka, tangu babu zetu walipopewa na mfalme kule Hispania, nani amewahi kuuliza mlima ni wa nani? Kondoo wa kila mtu wanalala kule. Kuni zinazochemsha chungu hiki zimetoka kule.

Watu wamefanya mkutano wakamchagua Baba Belino awe mwenyekiti wa warithi wa mlima. Nilishangaa, kusema kweli. Unamjua Onofre wangu, maneno yake ya mwaka mzima yanatosha kwenye kikombe, na wazee wenye ndimi walikuwepo tele. Lakini hakuna aliye na hofu kubwa. Popote ninapopita naambiwa, "Tuna wasiwasi gani sisi? Tuna Sostenes." Wanasimulia upya jinsi baba alivyouza kundi zima la kondoo uende ukasome sheria, na jinsi ulivyorudi ukaushinda mgodi ule uliotaka kutuzibia mfereji, jaji akakupa mkono mbele ya watu. Na kweli, nyumba gani hapa huijui? Karibu kila mtoto wewe ndiye baba yake wa ubatizo, kila baba unamwita kompadre, naye anakuvulia kofia.

Basi niandikie, hao wa mnyororo ni akina nani? Nikiwa na jibu lako watu watalala.

Dada yako,
Eduvigen


Santa Fe, 29 Januari 1925

Dada yangu Eduvigen,

Marahaba. Nimeipokea barua yako nikiwa kwenye baraza la jimbo na nimeisoma kati ya hotuba mbili, ndefu zote mbili. Leonor anakusalimu, kifua kimepungua. Mwambie Belino kwamba kura bado zinahesabiwa.

Kikao cha mwaka huu ni kizito. Nina muswada wa shule za vijijini na mwingine wa barabara ya bonde letu, na kuna maseneta wa mashariki ya jimbo wanaodhani kwamba mtu mwenye jina kama langu aliingia humu kufagia. Jana mmoja alinitupia kofia yake nimtundikie. Nilimtundikia, kisha nikapanda jukwaani nikaupinga muswada wake mpaka ukafa. Baba angefurahi.

Kuhusu ubatizo: baraza litafungwa katikati ya Machi, nami nitakuja mara moja. Nimekwisha kumwandikia padre. Tafadhali msimtafute mtu mwingine wala msiharakishwe na mama mkwe wako. Leonor anashona gauni la hariri, atalituma.

Mwambie Onofre kwamba uenyekiti ni mzigo usiolipa shukrani. Ningefurahi kama asingeitisha mkutano wala kutia neno lolote popote kabla hatujakaa mimi na yeye, tukiwa kompadre, tukanywa kahawa.

Funika masikio ya mtoto. Upepo wa Februari ni mbaya.

Kaka yako,
Sostenes Archibeque


Rito Hondo, 9 Februari 1925

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Gauni limefika, mwambie wifi limemkaa Kadogo kama ngozi yake, ila mikono imezidi kidogo na hiyo ni neema, atakua. Belino analiita "nguo ya malaika" na amekatazwa kuligusa kwa vidole vya pilipili. Ng'ombe amezaa. Kadogo ana kikohozi kidogo.

Kaka, naandika upesi, unisamehe mwandiko.

Jumapili ya kwanza ya mwezi tulikuta tangazo la mahakama limegongomewa kwenye mlango wa kanisa letu. Mwalimu alilisoma kwa sauti. Linasema kuna mtu mwenye sehemu mlimani anayetaka mlima ugawanywe, na kwa kuwa mlima haukatwi vipande kama jibini, uuzwe wote kwa mnada. Kesi itasikilizwa tarehe thelathini Machi.

Jioni ile ile mkutano ukakaa shuleni. Sisi wanawake tulikuwa nyuma na birika la kahawa. Delfinio mhunzi akasimama akasema, "Msaliti yumo humu humu. Wamesema mwenye sehemu. Mwenye sehemu ni mtu wa kwetu."

Watu wote wakamgeukia Abran mwenye duka, maana ndiye pekee mwenye tabia ya kuhesabu.

Abran akasema, "Mbona mnaniangalia mimi? Nina sura ya mlima?"

"Una sura ya mnada," mtu akajibu kutoka pembeni.

Wakacheka, kicheko kibaya. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekaa benchi moja na mkewe Ramoncita, nikasogea. Niliikusanya sketi yangu nikasogea, naye akaona.

Hapo ndipo Mzee Cleto alipotoa sauti. Unamjua, masikio yameshamfunga. Akamuuliza binti yake, "Wanatafuta nini hawa?" Binti akampigia kelele sikioni, "Wanamtafuta aliyeupeleka mlima mahakamani, baba!"

"Aah," akasema mzee, "sasa hilo nalo la kutafuta? Si kompadre wangu Sostenes! Mimi ndiye niliyempa sehemu yangu, alipomtoa Tomas wangu jela. Aliniambia, kompadre, sitaki kitu, weka msalaba wako hapa tu, sehemu ya baba nilimwachia dada, nami niwe mrithi tena kama ninyi, niusemee mlima. Nikaweka. Haya, si ndiyo huko anausemea?"

Akatabasamu, kaka. Alitutazama mmoja mmoja na yale meno yake mawili, kama mtu aliyetuletea zawadi, akingoja tumshukuru.

Hakuna aliyemshukuru. Nilikuwa nammiminia mke wa Delfinio kahawa, ikajaa, ikamwagika, ikamchuruzika mkononi, na yeye hakuuondoa mkono. Nikasikia sauti ikisema, "Si kweli! Mzee amechanganya mambo!" Ilikuwa sauti yangu. Wanaume wakatazama kofia zao. Delfinio, ambaye ulimsimamia watoto wawili, akakaa chini polepole.

Tulirudi nyumbani, mimi na Baba Belino. Alivua buti moja akakaa na nyingine mguuni, mpaka moto ukazima.

Kaka, niandikie haraka kwamba mzee amechanganya. Sentensi moja inatosha. Nitaichukua niisome kanisani mwenyewe, kwa sauti, hata kama nasoma kwa kubabaika. Mimi najua ni kosa tu. Labda kuna Archibeque mwingine.

Dada yako anayekungoja,
Duvi


Santa Fe, 2 Machi 1925

Dada yangu Eduvigen,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Muswada wa shule umepita. Ule wa barabara umekufa kwa kura moja. Leonor ni mzima. Nimesikitika kusikia habari za kikohozi. Mpe mtoto mvuke, na asilale karibu na dirisha.

Unaniuliza swali ambalo sentensi moja haitoshi. Sheria ya nchi hii, dada, haijui kitu kinachoitwa "mlima wa wote." Kwa sheria hiyo, kitu cha wote ni kitu kinachomngoja mwenyewe. Kama si mimi, angekuja mtu wa Texas akamtafuta Cleto mwingine, na huyo asingemjua hata mmoja wenu kwa jina. Mimi naweza kusema na mnunuzi. Naweza kuhakikisha kwamba malisho ya chini, yale yenye chemchemi, yanabaki kwa Onofre na watoto wako, kwa jina lake, kwa karatasi. Nani mwingine katika bonde lile atapata hivyo?

Usiyaseme haya kwa majirani. Mambo ya sheria yakisemwa jikoni yanaungua.

Tutafika Jumapili tarehe ishirini na mbili, mimi na Leonor. Padre atapanda siku moja kabla. Ni vizuri kwamba ubatizo unatangulia tarehe thelathini. Mimi na Onofre tukishakuwa kompadre, mengine yatatulia yenyewe.

Mpangushe Belino pua kwa niaba yangu.

Kaka yako,
Sostenes Archibeque


Rito Hondo, 10 Machi 1925

Kaka,

Shikamoo. Wazima. Theluji inayeyuka na njia yote ni matope mpaka magotini. Belino amejifunza kumwita ndama kwa jina lako, nikimkataza anacheka. Kikohozi cha Kadogo hakijaondoka.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikadhani labda mara ya pili itasema kitu kingine. Mimi sikusoma sana, masista walinifikisha darasa la tatu tu, lakini hukusema si kweli. Nimetafuta mahali uliposema si kweli. Hakuna.

Kaka, ni wewe! Mpaka leo nikiosha vyombo nasimama na sahani mkononi, nasema peke yangu, ni yeye. Mama mkwe anadhani nasali.

Na yale maneno yako ya mwisho, kwamba mengine yatatulia yenyewe, nilimsomea Baba Belino. Alikuwa anatengeneza mkanda wa farasi. Akaniuliza, "Duvi, unajua kwa nini walinichagua mimi?"

Nikasema, "Kwa sababu wewe ni mkweli."

"Delfinio ni mkweli kunishinda, na anaweza kuongea mpaka kuku watage."

"Kwa nini basi?"

"Hesabu mwenyewe. Delfinio ni kompadre wake. Cleto ni kompadre wake. Epimenio, Abran, mwalimu, wote. Nani atasimama mbele ya jaji amnyooshee kidole kompadre wake? Walitafuta mwanamume asiyemwita kaka yako kompadre, wakaniona mimi. Hawakuhofia kwamba ni yeye, siku ile. Ila wazee wana pua. Walitaka awepo mmoja mwenye ulimi huru, liwalo na liwe."

Kaka, hapo ndipo nilipoelewa. Shemeji hugombana, wewe na Onofre mmeshagombana mara ngapi juu ya farasi, mkanywa mkapatana. Lakini kompadre na kompadre hawagombani. Maji yameshapita kati yao. Anayemshitaki kompadre wake hata mbwa wa kijiji hawamfuati. Hilo tumelinyonya kwenye maziwa ya mama, mimi na wewe, titi moja.

Ndiyo maana ukasema tusitafute mtu mwingine. Ndiyo maana Onofre asitie neno. Lile gauni la hariri, kaka! Nimelikunja nikaliweka kwenye sanduku, halafu nikalitoa, maana wifi amelishona kwa mikono yake na yeye labda hajui. Sema hajui.

Nilimuuliza Baba Belino, tufanye nini? Akasema, "Ni kaka yako, na ahadi ni yako. Mimi siwezi kukuambia umvunjie." Akatoka nje. Sasa limebaki kwangu, na nikiivunja mimi, kila kikohozi cha huyu mtoto nitakisikia kama kosa langu.

Basi nakuomba mwenyewe, kwa upole kabisa. Jitoe wewe. Sema una homa. Sema daraja limechukuliwa na mto, siku hizi watu wataamini. Baba wa ubatizo akishindwa mwenyewe hakuna laana, hakuna aibu, tunamchukua mwingine na wewe unabaki mjomba. Sikuombi uurudishe mlima, ingawa ukiurudisha nitacheza ngoma juu ya paa. Nakuomba utuachie ulimi mmoja.

Wewe ulikuwa unanibeba kuvuka mto ili viatu vyangu visilowe. Mtu wa namna hiyo atakubali. Mimi nina matumaini.

Duvi


Santa Fe, 17 Machi 1925

Eduvigen,

Baraza limefungwa. Leonor anakusalimu. Tutashuka garimoshi Jumamosi, tulale hotelini pale mjini chini, na Jumapili asubuhi tupande. Mwambie Epimenio atungojee na gari la farasi, matope hayo gari langu halitayaweza.

Barua yako nimeisoma. Uliandika vizuri kuliko mawakili wengi ninaowajua, na kwa hiyo sitakujibu kama wakili.

Miaka kumi na moja nimetundika kofia za watu. Kila ng'ombe aliyezama bondeni, kila kijana aliyelewa, kila mfereji, "mwiteni Sostenes." Nilikwenda. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimekula nini njiani. Sisemi zaidi.

Ahadi uliitoa wewe, dada, kwa hiari yako, jikoni kwako, ukanishika mikono yote miwili. Mwandae mtoto.

S.


Rito Hondo, 21 Machi 1925, Jumamosi

Kaka yangu,

Shikamoo. Epimenio ameshatandika farasi, atakuletea barua hii hotelini leo hii, uipate kabla hujapanda. Njia mbaya, vaa buti. Mama mkwe anakusalimu, na hii ni mara ya kwanza ametuma salamu bila kuambiwa.

Nilikuwa sijui umekula nini njiani. Nimelifikiria hilo tangu jana. Ni kweli, hatukuuliza. Ningekupikia, kaka, mpaka utosheke. Lakini Mzee Cleto hakujua kwamba analipia njaa yako kwa mlima.

Asubuhi Ramoncita, mke wa Abran, alibisha hodi. Nilipomwona mlangoni nilitamani sakafu inifiche, maana tangu mkutano ule sikumsalimu. Alikuwa na mzizi ule wa mlimani wa kifua, umeshachemshwa, chupa bado ina moto ndani ya shali.

"Naona umeninunia bure tangu Februari," akasema. "Lakini mtoto hajaninunia. Nipe."

Akampakata. Kadogo akaanza kukohoa, kile kikohozi cha kukaba, uso ukageuka rangi, mikono ikakakamaa hewani. Mama mkwe akaacha rozari. Mimi nilikuwa naangalia, kaka. Naangalia mtoto, naangalia mlango, naangalia gauni la hariri limening'inia pale likikungoja. Nikasikia ule mshtuko ambao umekaa ndani yangu wiki zote hizi unatulia, kama maziwa yanapoacha kuchemka.

Nikasema, "Ramoncita, mmwagie maji."

Akaniangalia. "Huyu?"

"Huyu."

"Duvi, maji ya dharura ni ya mtoto anayekufa. Huyu anakufa?"

"Mmwagie, nakuambia!"

"Na kaka yako? Kesho si ndiyo—"

"Ramoncita! Una mikono huna?"

Mama mkwe amepiga kelele za maji majira yote ya baridi. Leo aliinuka na magoti yake yale, akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akarudi na bakuli, akalishika.

"Jina?" Ramoncita akauliza.

"Sina. Toa wewe, sasa ni lako kulitoa."

Akamwaga mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akamwita Altagracia. Maji yakamwingia sikioni, mtoto akapiga ukelele wa hasira ambao kondoo wote waliujibu.

Basi. Wewe ni wakili, sheria hii unaijua kuliko mimi. Maji yakishamwagwa hayamwagwi tena. Kesho padre atampaka mafuta tu. Mama yake wa ubatizo ni Ramoncita aliyeyamwaga, na kompadre wa Onofre ni Abran mwenye duka. Nilipomwambia Baba Belino zizini, alivua kofia, akaivaa, akasema, "Abran ananikopesha misumari mibovu, na sasa hata kumtukana siwezi tena." Kisha akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Januari.

Usiniulize mtoto alikuwa mgonjwa kiasi gani. Ahadi yangu kwako sikuivunja. Dharura ndiyo iliyoivunja. Hivyo ndivyo nitakavyosema hapa duniani. Mimi nilikuuliza mengi kipindi hiki nawe ukaninyamazia. Hili moja nitakunyamazia mimi. Sasa hivi ananyonya, na ana nguvu, anavuta mpaka naumia, na kama kuna laana yoyote njiani nimemwomba Mama Maria aielekeze kwangu.

Tarehe thelathini Baba Belino atasimama. Atasema maneno machache, unamjua. Lakini atasema. Delfinio anafundisha wengine sita namna ya kukaa nyuma yake bila kufungua mdomo, wajaze tu mabenchi, hilo halijakatazwa kwa kompadre.

Kaka, njoo hata hivyo. Njoo na wifi, gauni mtoto atalivaa kwenye mafuta. Kahawa ipo, na nimekuwekea ngozi ya nguruwe. Jaji wako hajasema kitu bado. Wakili anaweza kuinuka akasema, mheshimiwa, naiondoa kesi yangu. Mwalimu ameniambia inawezekana, ni maneno manne tu. Kesho kanisani kuna nafasi kwenye benchi letu, upande wa dirishani, nimeshamwambia Baba Belino asimwachie mtu akae pale. Alinitazama kama mwendawazimu, lakini hakukataa, na mimi nadhani ukiingia ukatuona tumekaa wote—

Mama mkwe ananiita, na si kwa sauti yake ya kawaida. Padre amefika mapema, matope mpaka kiunoni, hataki hata kukaa. Anamtaka mama wa mtoto. Anauliza ni nani aliyemwaga maji, na ni nani aliyeamuru, na kama kweli mtoto alikuwa anakufa. Nampa Epimenio barua hii hivi hivi, nami naenda kumjibu.